Kuvu, Maharage na Ukuta wa Mdudu

Katikati ya mwaka 2009 nzige wekundu walikusanyika katika mbuga zinazofurika maji za bonde la Mto Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, na vilevile katika Iku-Katavi na tambarare za Ziwa Rukwa. Hekta zipatazo 10,000 zilinyunyiziwa mafuta yaliyochanganywa na spora za kuvu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitangaza kwamba kiuatilifu cha kibiolojia kilikuwa hakijawahi kutumika dhidi ya nzige barani Afrika kwa kiwango kikubwa namna hiyo. Malagarasi huanzia nyanda za juu za mpakani na Burundi, na mito ya wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, humwaga maji yake humo. Shamba la mahindi katika kijiji cha huko kama Kumsenga kwa hiyo halikuwa mbali na jaribio hilo kubwa, ingawa wengi waliopanda msimu ule hawakupata habari zake.

Wazee wa nchi hii walikuwa na sababu ya kuogopa nzige wekundu. Wimbi lililoanza mwaka 1930 lilidumu hadi 1944 na kuenea karibu nusu nzima ya kusini mwa Afrika. Nzige mkubwa hula kwa siku majani yenye uzito sawa na mwili wake, na kundi lake halina muda wa kupumzika.

Safari hii nzige hawakufa kwa sumu ya dukani. Kuvu iliyotumika, Metarhizium acridum, ilitua juu ya gamba la nzige, ikaota kama mbegu, kisha ikajipenyeza mpaka ndani ya damu yake. Kazi ya kupenya ilifanywa kwa msukumo wa kuvu yenyewe na kwa vimeng'enya, kati yake kaitinesi, yaani vimeng'enya vinavyovunja kaitini. Vinatajwa sana katika maabara, na kwa miaka mingi watu wameahidiwa kwamba siku moja vitauzwa katika chupa kama dawa ya kunyunyizia. Ahadi hiyo imekawia kwa sababu za msingi. Kaitinesi hufanya kazi yake vizuri ikiwa imebebwa na kiumbe hai: kuvu, bakteria au mmea. Ikikamuliwa na kuachwa peke yake shambani, nguvu zake hupungua mno. Wanaopanga kilimo cha Kibondo na Kasulu wanapaswa kulielewa hilo kabla hawajatumia fedha na kuandaa mafunzo.

Kaitini ni nini? Ni mnyororo mrefu wa sukari moja inayojirudia, sukari iliyobeba naitrojeni, na minyororo hiyo hulala pamoja ikawa nyuzi ngumu zisizoyeyuka majini. Gamba la nzige, la panzi, la kamba wa baharini na la kaa limejengwa kwa nyuzi hizo, na ukuta wa seli za uyoga na ukungu pia. Baada ya selulosi ya mimea, hakuna mnyororo wa sukari ulio mwingi zaidi duniani. Mfaransa Henri Braconnot aliugundua mwaka 1811 akichunguza uyoga. Mwenzake Auguste Odier akaukuta kwenye wadudu mwaka 1823. Muundo wake ulifafanuliwa na kijana wa Uswisi, Albert Hofmann, katika tasnifu yake ya mwaka 1929, kwa kutumia maji ya tumbo la konokono. Konokono yule alikuwa na vimeng'enya vya kuuvunja mnyororo taratibu, kitu ambacho tindikali kali za maabara zilishindwa kukifanya bila kuharibu vipande vyenyewe.

Anayetaka kuelewa kwa nini kimeng'enya peke yake hakitoshi aiangalie nyumba ya miti na udongo. Katika gamba la mdudu, nyuzi za kaitini ndizo miti, na protini ndizo udongo uliokandikwa juu yake. Nje kabisa kuna nta. Mwenye panga la kukatia miti hafiki kwenye miti mpaka udongo umebanduliwa. Metarhizium hufuata utaratibu huohuo. Spora hushikamana na nta, huota, hutengeneza kichwa cha kubana, kisha hutoa kwanza vimeng'enya vya kukata protini. Kaitini ikishafunuliwa ndipo kaitinesi hutolewa kwa wingi. Kuvu huhisi kila hatua na kutoa kinachohitajika kwa wakati wake. Chupa ya kaitinesi haina uwezo huo. Ikinyunyiziwa juu ya kiwavi hugota kwenye nta na protini, jua la saa sita linaiharibu, na bakteria wa kwenye majani wanaila.

Hata kaitini tupu si rahisi kuvunjwa. Baadhi ya kaitinesi hukata katikati ya mnyororo, nyingine huanzia mwisho na kutembea nao zikikata vipande viwiliviwili, na kimeng'enya cha tatu humalizia kwa kutenganisha sukari mojamoja. Mwaka 2010 watafiti wa Norway walionyesha kwamba kuna msaidizi mwingine aliyekuwa amepuuzwa: protini ndogo ya bakteria Serratia marcescens, iliyodhaniwa kuwa kazi yake ni kushikilia tu, kumbe hukata minyororo kwenye uso mgumu wa kaitini kwa msaada wa oksijeni. Baadaye ikajulikana kwamba hubeba madini ya shaba. Bila msaidizi huyo kaitinesi hutambaa juu ya nyuzi bila kupata pa kuanzia. Ni timu, na timu hiyo asili imekwisha kuipanga ndani ya viumbe hai.

Kuvu ya Malagarasi ilikuwa na historia ndefu. Aina iliyotumika ilipatikana Niger, ikaendelezwa na mradi wa kimataifa wa LUBILOSA ulioanza mwaka 1989, na ikaingia sokoni kwa jina la Green Muscle. Ugunduzi uliookoa mradi ulikuwa kuchanganya spora na mafuta badala ya maji. Mafuta hushikamana na nta ya mdudu, na spora huota hata hewa ikiwa kavu. Nzige huchukua wiki moja hadi tatu kufa. Katika siku hizo hupunguza kula, na baadhi yao hufanya jambo la ajabu: huota jua kwa muda mrefu kuliko kawaida ili joto la mwili lipande na kuichelewesha kuvu. Homa ya kujitafutia. Siku za jua kali basi humpa nzige nafuu, na siku zenye mawingu huisaidia kuvu.

Wiki mbili ni nyingi kwa mkulima anayeona mahindi yake yakiliwa. Hapa ndipo kuvu zinapopoteza mashabiki. Aliyezoea kunyunyiza asubuhi na kukuta viwavi wamekauka jioni ataona ametapeliwa. Lakini ucheleweshaji huo si kasoro kila mahali, na mfano bora unatoka Tanzania kwenyewe.

Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika kijiji cha Lupiro, karibu na Ifakara. Ernst-Jan Scholte na wenzake walitundika vitambaa vyeusi vyenye spora za Metarhizium anisopliae kwenye dari za nyumba za kawaida. Asilimia 23 ya mbu wa Anopheles waliokamatwa humo walikutwa na maambukizi. Mbu hao hawakuanguka palepale. Waliishi siku chache pungufu, na hilo lina maana kubwa, kwa kuwa kimelea cha malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla ya kuweza kuambukiza mtu. Mbu akifa mapema, hata kama ameshanyonya damu yenye vimelea, hafikishi mzigo wake. Katika uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017, Kigoma iliongoza nchini: asilimia 24 hivi ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na vimelea. Mkoa wenye sura hiyo una kila sababu ya kuuliza matokeo ya Lupiro yamefikia wapi.

Na kaitinesi haiko upande wa binadamu peke yake. Mbu akinyonya damu, tumbo lake hutengeneza utando wenye kaitini unaoizunguka damu ile. Kimelea cha malaria lazima kiutoboe ili kifike kwenye ukuta wa tumbo, nacho hutoa kaitinesi yake mwenyewe. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani. Miaka miwili baadaye wengine walionyesha kwamba alosamidini, dawa itokanayo na bakteria wa udongo aina ya Streptomyces, ikichanganywa na damu anayonyonya mbu huzuia kaitinesi hiyo, na kimelea cha malaria ya kuku hukwama ndani ya utando. Wazo la chanjo ya kuzuia maambukizi kwa njia hiyo limezungumzwa tangu hapo.

Kwa watu wa Buha, nchi ya Waha yenye Kibondo na Kasulu, kisa cha mbung'o kinagusa zaidi. Malale yalibadilisha hata ramani ya makazi huku. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu kwenye kaya zilizotawanyika porini na kuwakusanya kwenye makazi maalum, Kibondo na kwingineko, ili kuwatenga na mapori yenye mbung'o. Mapori ya Moyowosi bado yana mbung'o hadi leo. Wengi hawajui kwamba mbung'o wengi hawapati vimelea vya malale hata wakinyonya mnyama mgonjwa. Tumbo lao huviua vimelea kwa kutumia protini zinazovinasa. Ndani ya mbung'o huishi bakteria aitwaye Sodalis, anayerithiwa kutoka kwa mama. Susan Welburn, Ian Maudlin na wenzao walieleza mwaka 1993 kwamba bakteria hao hutoa kaitinesi, na sukari inayotokana na kuvunjwa kwa kaitini huziba zile protini za kunasa. Vimelea hupata mwanya. Mbung'o mwenye Sodalis wengi kwa hiyo yuko hatarini zaidi kuwa msambazaji. Uhusiano huo haujaonekana kwa nguvu ileile katika kila aina ya mbung'o na kila eneo, lakini umefungua njia ya kufikiria udhibiti wa malale kwa kumgeuza bakteria badala ya kufyeka pori.

Turudi shambani, maana huko ndiko Kibondo na Kasulu zinakopata riziki. Mkulima wa huku tayari anapanda kaitinesi kila msimu bila kujua. Iko kwenye maharage.

Mwaka 1983 Thomas Boller na wenzake wa Basel, Uswisi, walitenga kaitinesi kutoka majani ya maharage ya kawaida, Phaseolus vulgaris, spishi ileile inayopandwa Kasulu na kupakiwa kwenye malori kwenda mikoa mingine. Jani lilipopata etilini, gesi ambayo mimea huitoa ikijeruhiwa au ikishambuliwa, kimeng'enya kiliongezeka sana. Mharage hauna kaitini mwilini mwake hata chembe. Kwa nini basi utengeneze kimeng'enya cha kuivunja? Jibu lilichapishwa mwaka 1986 katika jarida la Nature: kaitinesi ya maharage ilizuia kuvu kukua. Ni silaha dhidi ya adui. Mwaka 1991 Karen Broglie na wenzake wa kampuni ya DuPont waliingiza jeni hilo la maharage kwenye tumbaku, na miche ikastahimili kuvu ya udongo, Rhizoctonia solani, inayooza mizizi na shina. Zao la mkulima mdogo lilikuwa limetoa somo lililozunguka dunia.

Vipande vya kaitini vinavyokatika hufanya kazi nyingine pia. Mmea huvitambua kama dalili ya uvamizi na kuamsha kinga yake yote. Kuvu nazo hazikukaa kimya. Fusarium inayoozesha mahindi ina kimeng'enya kinachoikatakata kaitinesi ya mhindi. Kuvu ya nyanya inayosababisha ukungu wa majani huvifunika vipande vyake ili mmea usivihisi. Mapambano haya yana miaka mamilioni, na ndiyo maana jeni moja la kaitinesi lililopachikwa kwenye zao mara nyingi huleta ukinzani wa kiasi tu. Wanaoahidi zaidi ya hapo wanawadanganya wakulima.

Kuna mpaka mwingine ambao wauzaji wa bidhaa za kibiolojia huusahau. Bakajani chelewa ya viazi na nyanya husababishwa na kiumbe kinachofanana na kuvu kwa sura tu. Ukuta wake umejengwa zaidi kwa selulosi na jamii yake, si kaitini. Pythium, mmoja wa wasababishi wa kuoza kwa mizizi ya maharage, ni wa ukoo huohuo. Kaitinesi haina la kufanya mbele yao. Fusarium na Rhizoctonia, zinazooza mizizi hiyohiyo, zina kaitini tele. Mharage ulionyauka kwa hiyo haumwambii mkulima atumie nini mpaka msababishi ajulikane, na hiyo ni kazi ya maabara ya magonjwa ya mimea iliyo karibu, si ya kubahatisha dukani. Kuvu rafiki, Trichoderma, husaidia zaidi hapa kwa kuwa haitegemei kaitinesi peke yake. Huwahi nafasi kwenye mizizi, hugombea chakula, na hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu adui ikizitoboa kwa mchanganyiko wa vimeng'enya. Hupakwa kwenye mbegu au huchanganywa na mboji.

Nje ya kilimo, matumizi ni mengi na hayahitaji maelezo marefu. Maganda ya kamba na kaa hugeuzwa kuwa kaitini, kisha kaitosani ya kufungia vidonda na kusafishia maji. Vidonge vya glukosamini vinavyouzwa kwa wenye maumivu ya viungo hutoka kwenye mnyororo huohuo. Viwanda vingi bado hutumia tindikali na magadi makali, na maji taka yake ni mzigo. Vimeng'enya vinaweza kuchukua hatua kadhaa za kazi hiyo kwa usafi zaidi, ila gharama yake bado iko juu.

Tumbo la binadamu nalo limo. Kumbikumbi waliokaangwa mvua za kwanza zinaponyesha hubeba kaitini kwenye magamba yao, na uyoga unaookotwa chini ya miti ya miombo na juu ya vichuguu pia. Kwa muda mrefu vitabu vilisema binadamu hawezi kuiyeyusha. Mwaka 2001 ilitangazwa kaitinesi inayofanya kazi ndani ya tindikali, na baadaye ikapatikana kwenye maji ya tumbo la watu, ingawa si wote. Mababu wa mamalia walikuwa na jeni angalau tano za aina hiyo. Binadamu amebaki na moja inayofanya kazi, nyingine ni magofu. Hospitalini, kaitinesi ya pili ya binadamu ina kazi muhimu: kiwango chake kwenye damu hupanda mamia ya mara kwa wagonjwa wa Gaucher, ugonjwa adimu wa kurithi, na madaktari hukitumia kufuatilia matibabu.

Basi mkulima wa Kumsenga afanye nini na haya yote? Adui wake mkubwa kwa sasa hana mbawa za nzige wekundu. Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017, na wamekaa. Dawa nyingi za viwanda zinazouzwa dhidi yao ni kali kwa mnyunyizaji asiye na barakoa wala glavu, na viwavi hujenga usugu. Taasisi ya icipe ya Nairobi imepima aina nyingi za kuvu dhidi ya mdudu huyu. Matokeo ya maabara yaliyotolewa mwaka 2019 yanafundisha kuliko tangazo lolote. Aina iitwayo ICIPE 78 iliua asilimia 87 ya mayai. Aina nyingine mbili za Metarhizium ziliua zaidi ya asilimia 90 ya viwavi waliototolewa punde. Lakini kwa viwavi waliokua kidogo tu, aina nyingi hazikufua dafu, na iliyofaulu kuliko nyingine iliua takriban asilimia 30.

Baadhi ya kuvu hizi hutengenezwa viwandani Kenya, mjini Thika, na bidhaa za namna hii Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa mwaka 2020. Usajili ni mwanzo tu. Spora ni viumbe hai, na duka la pembejeo lenye paa la bati linaweza kuziua zikiwa bado kwenye pakiti. Zinyunyiziwe jioni, jua likiwa limepoa. Zisichanganywe kwenye bomba moja na dawa za ukungu, kwa sababu dawa ya ukungu haichagui kuvu adui na kuvu rafiki. Wafugaji wa nyuki wa Kibondo na Kasulu, wanaoogopa kwa haki kila kinachonyunyizwa, wana nafuu fulani: nyuki huweka kiota cha watoto wao kwenye nyuzi joto 33 hadi 36, joto ambalo Metarhizium nyingi hustawi kwa shida, na ile ya nzige hushambulia jamii ya panzi na nzige tu.

Nyanda za juu zenyewe zina hali ya hewa inayoifaa kuvu: usiku wa baridi kuliko pwani, umande, mawingu ya masika. Kinachokosekana ni muda. Nondo wa viwavijeshi vamizi hutaga mayai kwa mafungu kwenye majani ya mhindi mchanga na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Siku mbili hadi nne, yametotoa. Baada ya hapo viwavi huingia ndani ya moyo wa mhindi, ambako spora haifiki kirahisi. Siku hizo hazitoshi kuagiza pakiti kutoka Kigoma mjini, sembuse Thika. Kuvu inapaswa iwe imefika katani kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza, ihifadhiwe kwenye ubaridi, chini ya afisa ugani anayesoma tarehe ya mwisho ya spora, na kila kaya iwe na mtu wa kupekua majani tangu wiki ya kwanza ya kuchipua, akigeuza jani baada ya jani kutafuta fungu la mayai.